Nyumba imesimama baada ya tetemeko la kwanza. Je, itahimili la pili?

Saa moja na nusu jioni ya tarehe 6 Desemba 2009, ardhi ilitikisika wilayani Karonga, kaskazini mwa Malawi, jirani na Kyela ya upande wa Tanzania. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 5.8. Alfajiri ya tarehe 8 likaja jingine, la 5.9. Tarehe 12 likafuata la 5.4. Kisha, wiki mbili baada ya lile la kwanza, saa saba usiku wa kuamkia tarehe 20, likapiga kubwa kuliko yote: 6.0. Watu walikufa, na nyumba zaidi ya elfu moja zilianguka au kuharibika.

Kwa kipimo, matetemeko hayo yalikaribiana. Lakini nyumba hazikuwa tena zile zile. Ukuta uliotikiswa tarehe 20 ulikuwa umeshatikiswa mara tatu, mbali na mitetemo midogo ya katikati. Ndiyo maana wahandisi hawaulizi tu kama nyumba imesimama. Wanauliza imebakiwa na nguvu kiasi gani.

Ukuta unachokaje?

Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua pale pale. Mara ya kwanza hakikatiki, wala ya pili. Ukiendelea, kinakatika ghafla. Nondo zilizo ndani ya nguzo ya zege huweza kufanya hivyo zikipindwa mara nyingi kupita kiasi.

Nyumba za matofali yaliyounganishwa kwa udongo huchoka kwa namna nyingine. Udongo mkavu hauna mshiko mkubwa. Tetemeko la kwanza huupasua, yanayofuata huusaga kuwa vumbi, na mwishowe tofali linakaa juu ya tofali kwa uzito wake tu. Pembe za nyumba zinafunguka, na kuta zilizokuwa zimeshikana zinaanza kuyumba kila mmoja kivyake. Mara nyingi kinachotangulia kuanguka ni ile pembetatu ya ukuta iliyo juu, chini ya paa, kwa kuwa haijashikwa na kitu. Linta iliyozunguka nyumba nzima husaidia sana, kwa sababu huzifunga kuta pamoja hata zikishapata nyufa. Vipande vya linta juu ya milango na madirisha peke yake havifanyi kazi hiyo.

Nyumba ya miti na udongo wengi wanaidharau. Ikitikiswa, udongo hudondoka, lakini miti iliyofungwa vizuri hupinda na kurudi, na kinachomwangukia mtu ni kidogo kuliko ukuta wa matofali. Adui yake ni mchwa. Mti ulioliwa chini hauwezi kupinda na kurudi.

Kijani, njano na nyekundu

Katika nchi kadhaa, baada ya tetemeko wakaguzi hupita jengo kwa jengo na kubandika karatasi ya rangi. Nyekundu ni marufuku kuingia. Njano ni kuingia kwa masharti. Kijani ina maana kwamba hawakuona hatari ya wazi siku hiyo. Maneno hayo “siku hiyo” ndiyo watu husahau.

Mjini Christchurch, New Zealand, tetemeko la 7.1 lilipiga tarehe 4 Septemba 2010 na majengo mengi yakabaki wima. Jengo moja la ghorofa sita, lililoitwa CTV, lilikaguliwa na likaendelea kutumika. Tarehe 22 Februari 2011 likaja tetemeko dogo zaidi kwa kipimo, 6.2, lakini halikuwa na kina kirefu na lilikuwa karibu kabisa na mji. CTV liliporomoka. Watu 115 walikufa humo, kati ya 185 waliokufa siku hiyo. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba jengo lilikuwa na kasoro za usanifu tangu lilipojengwa. Kasoro za namna hiyo huwezi kuziona kwa kutazama nyufa.

Ili kupita mipaka ya macho, wataalamu huweka vifaa vinavyopima jinsi jengo linavyoyumba. Jengo lililopoteza uimara huyumba polepole kuliko zamani, hata kama rangi ya ukuta bado ni safi. Huko Miki, Japani, kuna jukwaa la kutikisia majengo mazima lenye mita 20 kwa 15, na huko jengo moja linaweza kutikiswa tena na tena ili lionekane linapoanza kushindwa.

Unaweza kukagua nini mwenyewe?

Huna jukwaa, lakini una macho, simu na pengine timazi ya fundi. Anza nje, ukiwa mbali kidogo na kuta. Zunguka nyumba yote. Ukiona ukuta umeinama au umevimba, pembe zimeachana, ile pembetatu ya juu imelegea, au nguzo imebanduka zege na nondo zinaonekana, usiingie kabisa, hata kuchukua godoro.

Kama hakuna hayo, tazama nyufa. Ufa mwembamba wa lipu tu si sawa na ufa unaoshuka kwa mshazari kutoka kona ya dirisha na kupita hadi upande wa pili wa ukuta. Huo wa pili ni wa kumwonyesha fundi au mhandisi kabla mtu hajalala ndani. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa umekwama nao unasema kitu: fremu imepinda.

Weka alama ya penseli pale ufa unapoishia, andika tarehe, kisha piga picha ukiwa umeweka sarafu pembeni ili upana uonekane. Baada ya kila mtikisiko, rudia. Ufa uliovuka alama yake unaonyesha kwamba ukuta unaendelea kushindwa. Wapo wanaoharakisha kupiga lipu juu ya ufa ili nyumba ipendeze. Lipu hiyo hairudishi nguvu iliyopotea, na inamficha mkaguzi kile alichokuja kukitazama.

Kuhusu muda wa kungoja, mwanasayansi wa Japani Fusakichi Omori alionyesha mwaka 1894 kwamba mitetemo ya kufuatia hupungua kwa utaratibu: siku ya kumi huwa, kwa makadirio, na sehemu moja ya kumi ya mitetemo ya siku ya kwanza. Kwa kawaida pia huwa midogo kuliko tetemeko lililotangulia. Karonga haikufuata kawaida hiyo. Kwa hiyo nyumba yenye dalili tulizozitaja isirudiwe kwa sababu tu siku kadhaa zimepita kimya. Mkaguzi akija, mpe zile picha zenye tarehe, kuanzia ya kwanza.