Bwana wa boma la Songea na watu wa Litembo

Nilipotea kidogo, si mnajua majaribio tena. Leo naomba tuongee historia. Juzi kwenye semina tulijadili utawala wa Mjerumani huku kusini, na kama kawaida mjadala ukaanza na kuishia Maji Maji. Mtu wa Litembo akikaa pale lazima aulize: na sisi je?

Tuanzie kwenye boma. Mwaka 1897 afisa wa jeshi aitwaye Engelhardt aliingia Ungoni na askari wake, akaweka kituo karibu na kwa Nduna Songea Mbano. Ndio maana mji ukaitwa Songea. Aliwaita wakubwa wa Kingoni kwenye mkutano, walipofika wakajikuta chini ya ulinzi. Hivyo ndivyo serikali ilivyobisha hodi!

Sasa wadau, tukisoma "mkuu wa kituo" tusifikirie mtu wa kalamu na mafaili tu. Bwana yule alikuwa kamanda wa askari, hakimu na mtoza kodi, vyote yeye. Anashtaki mwenyewe, anasikiliza mwenyewe, anahukumu mwenyewe, halafu hamsa ishirini zinachapwa palepale bomani. Ukionewa ukamshtakie wapi? Gavana yuko Dar es Salaam, safari ya wiki kadhaa kwa miguu.

Kuanzia 1898 ikaja kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Fikiria Mmatengo wa Litembo. Anaishi mlimani, analima ngolo zake, chakula kipo. Milima hiyohiyo na mapango yake ndiyo iliyokuwa kimbilio Wangoni walipovamia. Leo anatakiwa amlipe mtu aliyeko zaidi ya kilometa 100 kwa kuishi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Rupia ataitoa wapi?

Mwaka 1902 Wamatengo wakapigana na Wajerumani pale Litembo. Waliuawa wengi, bunduki haikujali mlima. Angalieni mwaka jamani: 1902. Ni miaka 3 kabla ya Maji Maji, bila dawa ya maji, bila Kinjeketile. Kwa hiyo ile hoja kwamba watu walipigana kwa sababu walidanganywa na maji haisimami Litembo. Walijua wanachokataa.

Vita vya 1905 vilipofika Ungoni, bwana wa boma alikuwa Kapteni Richter. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Kingoni walinyongwa Songea, mashamba na maghala yakachomwa, njaa ikamaliza waliobaki. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja hapohapo Songea kuomba msamaha.

Mie nasomea ualimu. Nikipewa darasa, Mungu akipenda, somo hili nitalianzia 1897, nitapita Litembo, ndipo nifike Maji Maji. Wenye babu na bibi Umatengo, waulizeni mapema, hawatukai milele.

Nawasilisha. Wiki njema wadau!