Tovuti yako inaandika ‘si salama’? Kagua haya matano kwanza

Mteja anabonyeza linki uliyomtumia WhatsApp. Badala ya duka lako, anakutana na onyo jekundu kwamba muunganisho wake si wa faragha. Anafunga ukurasa, na oda imeondoka naye.

Usimwambie “bonyeza tu endelea”. Anayezoea kuruka onyo hilo kwako ataliruka pia siku matapeli watakapomletea ukurasa feki wa benki yake. Mara nyingi tatizo ni dogo na liko kwenye seva. Soma maandishi yanayoanza na ERR, ndiyo yanakwambia pa kuanzia.

1. ERR_CERT_DATE_INVALID: muda

Cheti kimeisha muda. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt hudumu siku 90, na programu ya Certbot inatakiwa ivihuishe yenyewe. Jaribu:

certbot renew --dry-run

Ikigoma, angalia kama umefunga poti 80. Wengi huifunga wakidhani haina kazi tena baada ya kuwasha HTTPS, kumbe uhakiki wa cheti mara nyingi hupitia humo.

Mtego mwingine: cheti kipya kipo, ila Nginx bado inatoa cha zamani kwa sababu haijaambiwa isome upya. Hapo tumia systemctl reload nginx.

Kama ni simu moja tu inayolalamika, angalia saa na tarehe yake kabla hujagusa seva.

2. ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID: jina

Cheti kina jina la tovuti bila www, mteja ameingia kwa www. Kwa brauza, hayo ni majina mawili. Omba cheti chenye yote mawili. Ukiona jina la tovuti ya mtu mwingine kabisa, kagua mstari wa server_name, huenda seva imetoa cheti cha jirani yako.

3. ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID: mnyororo

Hili ndilo linachanganya zaidi. Kwenye kompyuta yako tovuti inafunguka poa, kwenye simu ya mteja inakataa.

Iko hivi: cheti chako kimesainiwa na cheti cha kati, nacho kimesainiwa na cheti cha mzizi ambacho simu inakiamini tayari. Seva ikitoa chako peke yake, brauza nyingi za kompyuta hukitafuta cha kati zenyewe. Kwenye baadhi ya simu, hilo halifanyiki.

Kwenye Nginx, mstari wa ssl_certificate uelekee fullchain.pem, sio cert.pem. Kisha pima, ukiweka jina la tovuti yako:

openssl s_client -connect jina:443 -servername jina

Ukiona “Verify return code: 21”, mnyororo bado umekatika. Ikiwa 0, umepona.

4. ERR_SSL_VERSION_OR_CIPHER_MISMATCH: toleo

Seva na simu hazijakubaliana lugha ya kusimba data. TLS 1.0 na 1.1 zilistaafishwa rasmi mwaka 2021. Kwenye mipangilio andika:

ssl_protocols TLSv1.2 TLSv1.3;

5. ERR_TOO_MANY_REDIRECTS: mzunguko

Huwapata sana wanaotumia Cloudflare kwenye mpangilio wa Flexible. Cloudflare inaiita seva kwa HTTP, seva inajibu “njoo kwa HTTPS”, Cloudflare inarudi tena kwa HTTP, na mchezo hauishi. Weka cheti kwenye seva, halafu badilisha Flexible iwe Full.

Kabla ya kuwasha upya

Tunza nakala ya faili la zamani. Kisha kagua makosa kwa nginx -t, au apachectl configtest kama unatumia Apache. Nukta mkato moja iliyosahaulika inatosha kuizuia seva isiwake.

Huna ruhusa ya kuingia kwenye seva? Piga picha ya onyo, namba ya kosa ionekane, uitume kwa kampuni inayokuhifadhia tovuti. “Tovuti haifunguki” haiwasaidii sana.

Na kama bado unahuisha cheti kwa mkono, jipange. Kikomo cha muda wa vyeti kinashuka hadi siku 200 kuanzia Machi 15, 2026, siku 100 mwaka 2027, na siku 47 mwaka 2029. Kazi hiyo iachie programu.