Mwalimu wa Geneva na Hadithi za Michoro

Rodolphe Töpffer alizaliwa Geneva mwaka 1799, mwana wa mchoraji, na alitamani kuifuata kazi ya baba yake. Maradhi ya macho yakamzuia. Akawa mwalimu, akafungua shule ya bweni, na mwaka 1832 akapewa uprofesa katika chuo cha mji huo. Lakini kalamu hakuiacha. Kwa kuwachekesha wanafunzi wake alichora hadithi fupi, kisanduku baada ya kisanduku, na maneno machache chini ya kila picha.

Mwaka 1827 alimchora Bwana Vieux Bois, mtu aliyepagawa na mapenzi. Akikata tamaa, anajichoma upanga. Kwa bahati upanga unapita kwapani. Saa 48 amelala akijidhani maiti, kisha anafufuka kwa njaa. Anajitia kitanzi, na kamba ni ndefu mno. Tena na tena, msiba ukiisha, hurudi picha ya namna moja: bwana anabadili nguo. Kicheko hakimo katika picha yoyote peke yake. Kimo katika mstari mwembamba utengao kisanduku na kisanduku, ambamo siku mbili hupita kimyakimya, na msomaji ndiye azijazaye. Töpffer mwenyewe aliandika mwaka 1837 kwamba michoro bila maneno ingekuwa na maana hafifu, na maneno bila michoro yasingekuwa na maana kabisa.

Goethe alionyeshwa miswada hiyo uzeeni mwake, akaisifu. Akataka kurasa chache tu kwa mara moja, asije akavimbiwa na mawazo. Hata hivyo profesa aliona haya. Kitabu cha Bwana Jabot, kilichopigwa chapa mwaka 1833, alikizuia hadi 1835, akihofia heshima ya cheo chake. Sisi wa vyuoni twaijua hofu hiyo.

Namna yake ya kuchapa yastahili kutajwa. Alichora kwa wino wa mafuta juu ya karatasi maalumu, kisha karatasi ikagandamizwa juu ya jiwe la kuchapia. Hakulazimika kuandika kinyumenyume, wala hapakuwa na mchongaji kati ya mkono wake na jicho la msomaji. Kila tetemeko la kalamu lilibaki. Mwaka 1839 nyumba ya Aubert, Paris, ilitoa nakala bila idhini yake, zimechorwa upya na mikono mingine. Nyuso zimenyooshwa, na kicheko kimepungua.

Mwaka 1845, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, alieleza siri yake katika insha. Chora uso wowote, hata kwa mkono usiojua, na uso huo una tabia tayari. Urefushe kidogo pua, uteremshe mdomo, naye amekuwa mtu mwingine, mwenye hasira au mjinga. Muulize anakwenda wapi, kisha mchore tena akiwa njiani.