Kicheko cha Sinema na Imani Yetu

Si kila kicheko ni matusi. Mwaka 1979 kundi la wachekeshaji la Uingereza, Monty Python, lilitoa sinema iitwayo Life of Brian. Wakristu wengi walikasirika. Sinema ilikatazwa Norwei, na huko Ayalandi marufuku ilidumu mpaka mwaka 1987. Tarehe 9 Novemba 1979 askofu Mwanglikana Mervyn Stockwood na mwandishi Malcolm Muggeridge walibishana vikali na wachekeshaji wawili katika televisheni ya BBC.

Je, yasema nini? Brian si Yesu. Ni mtu aliyezaliwa usiku uleule katika zizi la jirani. Bwana wetu aonekana kidogo tu, akihubiri mlimani, wala hachekwi. Wachekwao ni wale walio nyuma kabisa ya umati: maneno hayawafikii vema, nao wagombana juu ya jambo lisilosemwa. Baadaye watu wamwita Brian Masiya. Akikana, wajibu kwamba Masiya wa kweli ndiye akanaye. Akipoteza kiatu, wagawanyika mara: hawa wafuata kiatu, wale wafuata kibuyu. Mwishoni waliosulibiwa waimba kwa furaha. Jambo hilo liliwachoma wengi, nasi hatulisifu.

Lakini hicho kiatu tukitazame. Imani ya namna hiyo haikosolewi, maana kila jibu lageuzwa kuwa ushahidi wake. Nasi Wakongo twaijua. Mwaka 1964, katika uasi wa Simba, wapiganaji walinyunyiziwa maji ya dawa, wakaambiwa risasi hazitawadhuru. Aliyepigwa akafa, ilisemwa amevunja mwiko. Basi dawa haikushindwa kamwe. Mwenye kosa alikuwa marehemu.

Je, hayo ni ya zamani tu? Ebola ilitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, nayo iliua watu 2,287. Watu wa Beni walikuwa wamechoshwa na mauaji tangu mwaka 2014, na mwezi wa Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa katika Beni na Butembo. Walikuwa na sababu ya kutowaamini wakubwa. Lakini shaka hiyo ilizaa imani ya kiatu: Ebola ni biashara, aliyepona hakuwa nayo, aliyekufa ameuawa na madaktari. Tarehe 19 Aprili 2019, siku ya Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, Butembo, wakamwua Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia. Kuhukumu wauaji ni kazi ya mahakama. Lakini uvumi juu ya madaktari ulipita sokoni na nyumbani, hata midomoni mwetu Wakristu.

Mtume Tomasi alitaka kuona alama za misumari, na Bwana hakumfukuza. Huko Lourdes, tangu mwaka 1883, madaktari huchunguza habari za uponyaji kabla askofu hajatamka kwamba ni mwujiza. Imani ya kweli haiogopi kuulizwa. Basi ndugu, tukiwa nyuma ya umati, tusogee mbele tulisikie neno kabla ya kulipitisha. Na tukichekwa, tusikimbilie hasira. Tutazame kwanza mikononi mwetu kama tumeshika Injili au kiatu.