Chuma kipo, damu haitoshi: Walichotufundisha panya wa maabara

Mtu akiambiwa damu yake ni pungufu, wazo la kwanza huwa ni kuongeza madini ya chuma: maini, maharage, mboga za majani au vidonge vya kliniki. Mara nyingi inasaidia. Lakini wapo wanaomeza vidonge kwa miezi na damu haipandi. Kwa nini? Sehemu kubwa ya jibu imetokana na panya wa maabara wanaozaliwa na upungufu wa damu wa kurithi.

Kwanza tuifuate safari ya chuma. Chuma cha kwenye chakula hufyonzwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Kikishaingia kwenye damu, hubebwa na protini iitwayo transferini hadi kwenye uboho wa mifupa. Huko hutumika kutengeneza hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Mtu mzima hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku. Chuma kingine, zaidi ya miligramu 20, hutoka kwenye chembe nyekundu zilizozeeka na kuvunjwa.

Safari hiyo inaweza kukwama popote. Kwa panya wa ukoo uitwao mk, tatizo ni mlango wa kuingilia. Mwaka 1997 watafiti waligundua kuwa panya hao wana kasoro katika protini ya DMT1, inayopitisha chuma kwenye utumbo na kwenye chembe changa za damu. Ndiyo maana hata sindano ya chuma haiwaponyi kabisa.

Panya wa ukoo wa sla wana shida nyingine. Chuma huingia kwenye seli za utumbo lakini hakitoki vizuri kwenda kwenye damu, kwa kuwa protini ya hefestini ina hitilafu. Hawa wakidungwa chuma, damu hupanda, maana sindano imekiruka kikwazo.

Wanaoshangaza zaidi ni panya wa ukoo wa hpx, ambao karibu hawana transferini. Ini lao limejaa chuma, lakini damu yao ni kidogo mno. Ghala limejaa, gari la kusafirisha mzigo hakuna. Wakipewa transferini, hemoglobini huongezeka.

Kisha kuna mlinzi wa mlango. Ini hutengeneza homoni ya hepsidini, ambayo hufunga njia ya chuma kwenda kwenye damu. Panya wanaoitwa mask hutengeneza hepsidini kupita kiasi, hivyo hupungukiwa damu na kupoteza manyoya ya mwilini, huku ya kichwani yakibaki. Kasoro yao, katika jeni ya TMPRSS6, ilitambuliwa mwaka 2008. Mwaka huohuo kasoro za jeni hiyo zilipatikana kwa binadamu ambao vidonge vya chuma haviwasaidii.

Ugonjwa huo wa kurithi ni nadra. Hata hivyo, hepsidini hupanda pia mtu anapougua malaria au maambukizi mengine, na chuma anachomeza hufyonzwa kidogo.

Kwa hiyo, damu ya mtoto isipopanda baada ya vidonge, usimwongezee dozi nyumbani. Chuma kikizidi ni sumu. Mrudishe kliniki apimwe upya. Huenda chuma anacho, ila kimekwama njiani.