Sindano ya makunyanzi: sumu iliyogeuka dawa

Botulinamu, inayofahamika zaidi kwa jina la kibiashara Botox, ni sumu ya bakteria inayoweza kumwua aliyekula chakula cha mkebe kilichoharibika. Ikidungwa kwa kiasi kidogo mno, huzuia neva kuiamrisha misuli ijikunje. Ngozi iliyo juu yake hulainika, lakini kwa miezi mitatu hadi minne tu.

Matumizi yake ya urembo yalitokana na sadfa. Mwaka wa 1987, mjini Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa akimtibu mwanamke mwenye kope zilizojifumba ovyo alipobaini kwamba mikunjo baina ya nyusi zake imetoweka. Yeye na mumewe Alastair, tabibu wa ngozi, walichapisha utafiti wao mwaka wa 1992. Marekani iliidhinisha tiba hiyo miaka kumi baadaye.

Hatari imo katika kipimo, na hasa katika chupa yenyewe. Mnamo 2004, watu wanne jimboni Florida walidungwa sumu kali ya maabara isiyoruhusiwa kwa binadamu. Walipooza, wakalazwa hospitalini wakipumua kwa mashine.