Mwalimu wa Kwanza wa Maneno

Katika elimu zote ambazo mwanadamu hujipatia duniani, hakuna iliyo kubwa kuliko elimu ya kusema. Mtoto huianza kabla hajajua kutembea, huisoma bila kitabu wala kalamu, na afikapo umri wa miaka minne au mitano huwa amekwisha kushika sehemu kubwa ya lugha ya watu wa kwao. Mtu mzima ajifunzaye lugha ngeni huhangaika miaka mingi, na hata baada ya miaka hiyo ulimi wake humtaja kuwa mgeni. Basi tangu kale watu wamejiuliza: mtoto hulipata wapi neno? Je, huzaliwa nalo, likangoja siku yake ya kuchipuka kama mbegu ardhini, au hupewa na wale wanaomlea? Jawabu lilitafutwa kwa karne nyingi, na mara nyingine kwa njia ya ukatili. Habari zake zafaa kujulikana na kila kijana, maana jawabu lenyewe laingia katika nyumba ya kila mmoja wetu.

Habari iliyo mashuhuri kuliko zote yatoka Misri. Iliandikwa na Herodotus, Mgiriki mwandishi wa tarehe za mataifa, katika karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Yesu. Asema kwamba Psammetichus, mfalme aliyetawala Misri tangu mwaka 664 hadi mwaka 610 kabla ya Yesu, alitaka kujua ni taifa gani lililotangulia mataifa yote. Akachukua watoto wawili wachanga, akampa mchungaji awalee, akaamuru mtu yeyote asitamke neno mbele yao. Wakawekwa katika kibanda cha upweke, nao walipelekewa mbuzi kwa wakati wake wapate maziwa. Mfalme alidhani kwamba neno la kwanza litakalowatoka litakuwa la lugha ya kwanza ya ulimwengu. Baada ya miaka miwili, mchungaji alipofungua mlango, watoto walimwendea wamenyosha mikono, wakisema "bekos". Mfalme akauliza huku na huku, akaambiwa kwamba ni neno la Wafrigia, watu waliokaa katika nchi ambayo leo ni Uturuki, na maana yake ni mkate. Basi Wamisri wakakubali kwamba Wafrigia ni wa kale kuliko wao.

Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba mambo hayo yalitokea, kwa sababu Herodotus mwenyewe alisimuliwa na makuhani zaidi ya karne moja baada ya mfalme kufa. Lakini wasomaji wa baadaye waligundua jambo ambalo mfalme hakulifikiri. Watoto wale hawakukaa katika kimya kitupu: walisikia mbuzi kila siku. Ondoa mwisho wa neno lile, na kinachobaki kinakaribiana sana na mlio wa mbuzi. Kama watoto hao walikuwako kweli, basi walijifunza kwa mwalimu waliyepewa.

Swali hilo lilizuka tena Ulaya katika karne ya 13. Salimbene, mtawa wa mji wa Parma katika Italia, aliandika kwamba Mfalme Mkuu Frederick wa Pili, aliyefariki mwaka 1250, aliwapa walezi watoto wachanga, akawaamuru wawanyonyeshe na kuwaogesha, lakini wasiseme nao kamwe wala wasiwabembeleze. Alitaka kujua kama watasema Kiebrania, au Kigiriki, au Kilatini, au Kiarabu, au lugha ya wazazi wao. Hakupata jawabu, asema Salimbene, kwa sababu watoto wote walikufa. Hawakuweza kuishi bila ya kupigiwa makofi ya furaha, kuchekewa na kuambiwa maneno matamu. Yampasa msomaji kukumbuka kwamba Salimbene hakumpenda mfalme huyo, na huenda alitia chumvi katika habari zake. Hata hivyo, habari hiyo yaonyesha kwamba watu wa zama zile walikwisha kutambua kuwa maziwa peke yake hayamtoshi mtoto.

Wa tatu ni Akbar, mfalme mkuu wa Bara Hindi, aliyezaliwa mwaka 1542 na kufariki mwaka 1605. Yeye hakutafuta lugha ya kwanza ya dunia. Alishikilia kwamba usemi huja kwa kusikia, na kwamba asiyesikia neno hatasema neno. Ili kuthibitisha hayo aliagiza watoto wachanga wawekwe katika nyumba iliyo mbali na sauti za watu, pamoja na walezi waliokatazwa kusema. Mwandishi wake, Abul Fazl, asimulia kwamba mfalme alipokwenda kuitazama nyumba hiyo mwaka 1582, hakusikia humo usemi wo wote, ila sauti za mabubu. Watu wakaiita nyumba hiyo Gung Mahal, yaani Jumba la Mabubu. Akbar alikuwa amesema kweli. Lakini gharama ya ukweli wake ililipwa na watoto wasio na hatia.

Mwaka 1800 jambo kama hilo lilitokea Ufaransa bila amri ya mfalme. Mvulana wa umri wa miaka kumi na miwili hivi alitoka msituni katika wilaya ya Aveyron, hana neno. Alipelekwa Paris katika chuo cha viziwi, na tabibu kijana aitwaye Jean Itard akajitwika kazi ya kumfundisha. Akampa jina la Victor. Kwa muda wa miaka mitano hivi Itard alijitahidi kwa subira kubwa, na mama mmoja aitwaye Madame Guérin akamtunza kijana kama mwanawe. Victor alijifunza kuvaa, kula mezani, kutii, kupenda, hata kutambua maneno kadha yaliyoandikwa. Lakini ulimi wake haukufunguka. Neno alilolitamka vizuri lilikuwa "lait", yaani maziwa. Nalo alilitamka akiisha kupewa maziwa, kwa furaha, si kwa kuyaomba. Victor alifariki mwaka 1828 bila ya kusema. Mabingwa hawakubaliani juu ya sababu: wengine wasema alizaliwa na upungufu, na wengine wasema kwamba alichelewa, wakati wa kujifunza ukampita. Wahenga wetu hawakumjua Victor, lakini walisema: udongo uwahi ungali maji.

Mpaka hapo watu walikuwa wametafuta siri ya usemi kwa njia ya kimya. Katika karne ya 19 njia ikageuka: badala ya kumnyima mtoto maneno, wenye elimu walianza kumsikiliza. Mmoja wao alikuwa Charles Darwin, bingwa wa viumbe. Mwanawe wa kwanza alipozaliwa mwaka 1839, Darwin alianza kuandika katika daftari kila jambo alilofanya mtoto, na mwaka 1877 akayachapisha. Aliandika kwamba mtoto alipotimiza mwaka mmoja alijitungia neno lake mwenyewe la chakula, nalo ni "mum". Akalitumia kuomba chakula, na kukitaja. Wanawake walikuwa wakiona mambo hayo majumbani tangu mwanzo wa dunia. Jambo jipya ni kwamba sasa yaliandikwa.

Karne ya 20 ilileta kinasa sauti. Kuanzia mwaka 1962, Roger Brown na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walinasa mazungumzo ya watoto watatu wakiwa nyumbani na wazazi wao, wakayasikiliza neno kwa neno. Waliona kwamba wazazi hawakuwasahihisha watoto sana katika sarufi. Mtoto akisema jambo la kweli kwa maneno yaliyovunjika, mzazi huitikia; akisema jambo lisilo kweli kwa maneno mazuri, mzazi humkanya. Basi mtoto hafundishwi usemi kama mwanafunzi afundishwavyo hesabu. Hupewa mazungumzo, naye mwenyewe huchambua kanuni zilizomo. Katika Nairobi pia, Kamil Ud Deen alinasa usemi wa watoto wadogo wasemao Kiswahili, na mwaka 2005 akatoa kitabu juu yake. Aliona kwamba watoto hao mara nyingi huacha viambishi vya mwanzo wa kitendo, ambavyo wakubwa huvitamka, kisha huvitimiza kadiri wanavyokua. Mtoto wa namna hiyo hakosi akili, yumo njiani.

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, huko Seattle, walifanya jaribio lisilomdhuru mtu. Walichukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa. Baadhi yao walichezeshwa na kusomewa na mtu aliyesema Kichina, na wengine walimwona na kumsikia mtu huyo katika televisheni tu. Wale wa kwanza walijifunza kupambanua sauti za Kichina. Wale wa pili hawakujifunza. Sauti ilikuwa ile ile, lakini kioo hakimtazami mtoto, hakimngoji, wala hakimjibu. Tena mwaka 2018 Rachel Romeo na wenzake walichunguza watoto wa miaka minne hadi sita katika Marekani, wakaona kwamba kupokezana maneno kati ya mtoto na mkubwa kunahusiana na kazi ya ubongo katika usemi kuliko wingi wa maneno ayasikiayo.

Huenda msomaji akauliza: je, watu wote wa dunia huwaongelesha watoto wachanga? La, desturi hutofautiana, na mfano mzuri umo humu humu Kenya. Robert LeVine, Mmarekani, alikaa katika nchi ya Wagusii miaka ya 1950, akarudi tena miaka ya 1970, na mwaka 1994 yeye na wenzake wakatoa kitabu juu ya malezi ya huko. Waliona kwamba mama wa Kigusii alimweka mtoto karibu na mwili wake, akamtuliza mara alipolia, lakini hakuwa na desturi ya kuzungumza naye sana kama walivyofanya akina mama wa Boston. Je, watoto wa Kigusii walikuwa mabubu? La, hasha! Walikua wasemaji hodari, kwa sababu mama hakuwa peke yake. Alikuwako omoreri, mlezi mdogo, ndugu wa mtoto, aliyembeba na kumchezesha mchana. Walikuwako shangazi, nyanya na watoto wa jirani. Mtoto aliishi katikati ya maneno, na akiisha kupata nguvu za kutembea aliingia katika kundi la wenziwe, akasemeshwa, akachekwa, akaitwa na kutumwa.

Hapa ndipo penye neno la kutuhusu. Malezi ya zamani hayakuhitaji mtu kukumbuka kumsemesha mtoto; nyumba yenyewe ilisema. Jioni kulikuwa na hadithi na vitendawili, na mchana kulikuwa na ndugu. Leo nyumba nyingi zimepungua watu. Elimu ya msingi ilipokuwa bila malipo mwaka 2003, watoto wengi zaidi waliingia shuleni, na hilo ni jambo la heri. Lakini mlezi mdogo hayupo nyumbani mchana. Baba na mama huenda kazini alfajiri, hurudi usiku wamechoka. Mtoto hubaki na mtumishi mmoja aliyeshughulika na kazi, au huwekwa mbele ya televisheni au simu anyamaze. Tena wako wazazi wanaoiacha lugha waijuayo vizuri, wakamsemesha mtoto kwa lugha ambayo wao wenyewe hawana maneno yake ya kutosha, na hivyo mazungumzo ya nyumbani huwa ni amri chache tu: njoo, kaa, kula, lala. Hakuna mfalme aliyeamuru kimya hicho. Kimeingia polepole, nasi tumekikaribisha.

Dawa yake haiuzwi dukani. Mtoto anapotoa sauti, mjibu kama kwamba amesema neno, kisha mngoje akujibu. Umwogeshapo au umlishapo, taja vitu kwa majina yake. Akisema "gari enda", usimcheke wala usimkaripie. Mwitikie, "Naam, gari linakwenda," naye atasikia kilicho sawa bila ya kuaibishwa. Msimulie hadithi ile ile mara kumi akitaka, maana kwake si ile ile. Sema naye kwa lugha ambayo wewe unaijua kwa utimilifu, iwe Kiswahili, Kikamba, Kijaluo au nyingine. Zaidi ya moja hazimdhuru. Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto walio chini ya miaka miwili wasiketishwe mbele ya televisheni na simu. Na mtoto asiyegeuka kwa sauti, au aliyepita mwaka mmoja na nusu bila ya neno lo lote, apelekwe hospitali apimwe masikio mapema. Akionekana kiziwi, asiachwe katika Jumba la Mabubu. Apewe lugha ya ishara, ambayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeagiza iendelezwe, na watu wa nyumbani wajifunze pamoja naye.

Ninyi vijana msomao maneno haya msidhani kwamba kazi hii ni ya wazazi peke yao. Wengi wenu mnao wadogo zenu nyumbani, nanyi mrudipo jioni au wakati wa likizo ndinyi omoreri wa siku hizi. Mdogo wako hawezi kukulipa, wala hatakumbuka ni nani aliyempa neno lake la kwanza. Nawe hukumbuki ni nani aliyekupa la kwako. Lakini alikuwako mtu, na kwa sababu yake unaweza leo kusoma ukurasa huu na kuuelewa. Deni hilo halirudishwi kwa aliyekukopesha. Hulipwa kwa mtoto anayefuata.